Dubwana la Sinema Lingeweza Kuishi? Ziwa Tanganyika Latoa Jibu

Ndugu msomaji, yumkini umepata kuwaona watoto wakitoka katika kibanda cha video huko Mwanga au Ujiji magharibi ikiingia, wameshikana mikono, na kila kichaka cha njiani kinawatia mashaka. Wametoka kutazama filamu ya dubwana lililoshuka kutoka sayari nyingine. Mfasiri amewatilia maneno ya Kiswahili, akaongeza chumvi kidogo kama ilivyo ada, na usiku ule mtoto hataki kulala peke yake. Humwuliza mzazi wake swali moja tu: "Je, kitu kile kipo kweli?"

Wazazi wengi hujibu kwa mkato: "Huo ni uwongo wa sinema, kalale." Jibu hilo si baya, lakini halitoshi. Mtoto aliyeuliza swali la haki anastahili kupewa sababu, na mtu mzima aliyekwisha kusahau masomo ya elimu ya viumbe naye atafaidika akizikumbuka sababu hizo. Basi leo na tulichukue dubwana la sinema, tuliweke mezani, tulipime kama mvuvi apimavyo samaki wake mnadani.

Ni kweli kwamba hadi leo hakuna kiumbe hata mmoja wa nje ya Dunia yetu ambaye amethibitishwa kuwako. Hata hivyo hatukosi kipimo. Kiumbe awaye yote, awe amezaliwa Kasulu au katika sayari ya mbali, hana budi kuubeba uzito wake, kula, kupumua na kuzaa. Mambo hayo hayana msamaha. Nao wakazi wa Kigoma wana bahati ya kuwa na mahali pazuri mno pa kufanyia upimaji huu, maana mbele ya milango yao limelala ziwa lenye umri wa miaka ipatayo milioni 9 hadi 12, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 670 na kina kifikacho mita 1,470. Katika maziwa yote duniani ni Baikal la Urusi peke yake lililo refu zaidi kwenda chini. Humo mna aina zipatazo 250 za samaki wa ukoo wa perege na kuhe, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote. Ziwa lenye umri mkubwa hivyo limekwisha kujaribu mbinu nyingi za maisha kuliko mtunga filamu yeyote.

JE, MIGUU YAKE INGEBEBA MWILI?

Tuanze na ukubwa, kwa kuwa ndio unaotisha kwanza. Katika filamu ya "Starship Troopers" ya mwaka 1997, askari wa Dunia wanapigana na majeshi ya wadudu wakubwa kuliko watu. Zamani zaidi, mwaka 1957, filamu ya "20 Million Miles to Earth" ilionyesha dubwana la sayari ya Zuhura ambalo lilianguliwa likiwa dogo, kisha likawa kubwa hata kutikisa mji wa Roma.

Sasa mchukue siafu mmoja wa kawaida mwenye urefu wa sentimita moja, umkuze mpaka awe na urefu wa mita 2, bila kulibadili umbo lake. Urefu wake umeongezeka mara 200. Lakini unene wa miguu yake, yaani lile eneo linalobeba mzigo, umeongezeka mara 200 kwa 200, sawa na mara 40,000. Uzito wake nao umeongezeka mara 200 kwa 200 kwa 200, ambazo ni mara milioni 8! Gawanya, nawe utaona kuwa kila sehemu ya mguu sasa inabeba mzigo mara 200 ya ule wa mwanzo. Ni sawasawa na wewe msomaji kuamka asubuhi ukakuta watu 199 wenye uzito kama wako wamekaa juu ya mabega yako. Siafu huyo asingemshambulia mtu. Angelala kifudifudi pale pale alipo, miguu imevunjika.

Kanuni hii si mpya. Galileo, mtaalamu wa Italia, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1638. Ndiyo sababu miguu ya tembo si miguu ya swala iliyokuzwa, bali ni nguzo.

Tena kuna suala la pumzi. Mdudu hana mapafu kama yetu. Hewa huingia mwilini mwake kwa vitundu na vijibomba vidogo, na njia hiyo hufaa mwili mdogo. Yapata miaka milioni 300 iliyopita, wakati hewa ya Dunia ilipokuwa na oksijeni nyingi kuliko sasa, aliishi mdudu wa jamii iliyo karibu na kerengende, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa yalifikia kiasi cha sentimita 70. Huyo ni miongoni mwa wadudu wakubwa kuliko wote wanaojulikana, na bado mabawa yake hayakufikia nusu ya mabawa ya furukombe aliaye juu ya maji ya Malagarasi.

Lakini tuseme kweli: kanuni hii haikatazi ukubwa kila mahali. Kiumbe aishiye majini hubebwa na maji yenyewe. Kiboko aliye mzito nchi kavu huwa mwepesi akishuka mtoni, na nyangumi wa buluu wa baharini hufikia urefu wa mita 30. Aidha, katika sayari ndogo yenye mvuto hafifu, mnyama angeweza kuwa na miguu myembamba. Lakini akishushwa katika Dunia yetu, angeelemewa siku ile ile. Kwa hiyo ukitaka kumtafuta dubwana mkubwa wa kweli, usimtafute akitembea barabarani, mtafute majini. Huko tutafika baadaye.

AMEKULA NINI HATA AKANENEPA?

Filamu iliyotisha wengi kuliko zote za namna hii ni "Alien", iliyotoka mwaka 1979. Humo kiumbe kidogo, chenye ukubwa kama wa paka mchanga, kinapasua kifua cha mtu na kukimbilia mafichoni ndani ya chombo cha angani. Baada ya saa chache tu kinarudi kikiwa kirefu kuliko mwanadamu. Watazamaji hushikwa na hofu hata wasiulize swali ambalo mama yeyote mpishi angeliuliza mara moja: amekula nini?

Mwili haujengwi kwa hasira. Ili uzito wa kilo 100 uongezeke, lazima vitu vya uzito huo au zaidi viingie kinywani. Tena mnyama hapati mwilini mwake yote anayokula. Sehemu kubwa hutumika kwa kujiendesha na nyingine hutoka kama taka. Wataalamu hukadiria kwamba kwa kawaida yapata sehemu moja tu ya kumi ya chakula hugeuka kuwa mwili katika kila ngazi ya ulaji. Mgebuka wa Ziwa Tanganyika hula dagaa, dagaa nao hula vidudu vidogo vinavyoelea, na vidudu hivyo hula mimea isiyoonekana kwa macho. Kwa hesabu hiyo, kilo moja ya mgebuka imesimama juu ya kilo zipatazo 10 za dagaa, ambazo zimesimama juu ya kilo 100 za vidudu. Ndiyo maana dagaa ni wengi na mgebuka ni wachache, na samaki wakubwa kama sangala ni wachache zaidi. Mla nyama mkubwa huwa adimu siku zote. Sayari iliyojaa madubwana yanayokula nyama, wala hakuna kitu kingine kinachoonekana, ni sawa na nyumba yenye wageni mia moja na chungu kimoja cha ugali.

Mlinganishe dubwana la sinema na mamba, ambaye ndiye tishio la kweli la maji yetu. Huko Burundi, katika Mto Ruzizi na kingo za kaskazini za ziwa hili hili, paliishi mamba mkubwa aliyepewa jina la Gustave, ambaye alisingiziwa na kulaumiwa kwa vifo vya watu wengi, hata mwaka 2007 ikatoka filamu ya Marekani, "Primeval", iliyotokana na habari zake. Lakini siri ya mamba wa kweli si ulafi. Mwili wake hauchomi chakula ili kujipasha moto, hujipasha kwa jua, na kwa hiyo anaweza kukaa miezi bila kula. Mamba hungoja. Dubwana la sinema, ambalo hukimbia usiku kucha na kuua watu kumi bila hata kuwamaliza kula, linatumia nguvu nyingi kuliko linazopata. Kwa desturi za pori, huyo angekufa njaa kabla ya filamu kufika katikati.

Na je, nyama yetu ingemfaa? Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Protini za viumbe vyote vya Dunia, kuanzia bakteria hadi binadamu, zimejengwa kwa vipande ambavyo wataalamu huviita vya mkono wa kushoto. Vipande vya mkono wa kulia vyaweza kutengenezwa, navyo vinafanana na vya kushoto kama kiatu cha kulia kinavyofanana na cha kushoto. Lakini unajua mwenyewe taabu ya kuvaa kiatu cha mguu usio wake. Kama uhai wa sayari nyingine ulianza kwa mkono wa kulia, dubwana lake lingeweza kumtafuna mtu na kummeza, kisha likafa kwa njaa tumbo limejaa.

Hapa ziwa letu lina kioja chake. Yumo samaki mdogo, Perissodus microlepis, ambaye kazi yake ni kunyemelea samaki wenzake na kuwakwangua magamba, ndiyo chakula chake. Mdomo wake umepinda upande. Wenye mdomo uliopinda kulia humshambulia windo ubavu wa kushoto, na wenye mdomo uliopinda kushoto humshambulia ubavu wa kulia. Mwaka 1993 mtaalamu wa Japani, Michio Hori, alieleza kuwa wa kulia wakizidi, samaki wanaowindwa hujihadhari zaidi upande ule, na hapo wa kushoto hushiba na kuongezeka; kisha mambo hugeuka. Hivyo pande zote mbili hubaki karibu nusu kwa nusu. Mtunga filamu gani amewahi kubuni kitu cha ajabu kama hicho?

MTOTO WA KIGENI KINYWANI

Turudi kwenye lile lililotisha zaidi katika "Alien": yai la kiumbe mmoja kupandwa ndani ya mwili wa mwingine, likalelewa humo na hatimaye kumdhuru aliyelilea. Je, huo ni uwongo mtupu? La hasha! Wako nyigu wanaotaga mayai ndani ya viwavi walio hai, na watoto wao hula kiwavi kutoka ndani. Lakini kwa mfano ulio karibu zaidi, hatuna haja ya kutoka nje ya Kigoma.

Samaki wengi wa Ziwa Tanganyika hulea mayai yao kinywani. Mama hutaga, huyaokota upesi, kisha hukaa na watoto mdomoni kwa siku nyingi mpaka waweze kujitegemea. Sasa yuko samaki mmoja wa ukoo wa kambare, mwenye sharubu na mwili wa madoadoa meusi, ambaye wataalamu humwita Synodontis multipunctatus. Huyu hungoja mama mwenzake anapotaga. Mara dume na jike lake hujipenyeza kwa fujo, wakala baadhi ya mayai ya mwenyewe na papo hapo wakamwaga ya kwao. Mama katika haraka ya kuokoa kizazi chake huyaokota yote, ya kwake na ya mgeni. Mayai ya kambare huanguliwa kwanza. Watoto wake wakiisha kumaliza kiini chao, huanza kuwala ndugu zao wa kunyonya humo humo kinywani mwa mama! Mwishowe mama huyu hutema watoto wasio wake, baada ya kufunga kwa ajili yao. Jambo hili lilielezwa kwa wataalamu wa dunia mwaka 1986 na Mjapani Tetsu Sato. Ni tabia ya ndege kekeo, lakini ndani ya maji.

Basi dubwana la "Alien" halikutoka hewani. Kanuni yake ipo. Ila angalia sharti lake. Kambare huyu amefaulu kwa sababu yeye na mama anayemdanganya ni samaki wote wawili, wameishi ziwa moja kwa vizazi visivyohesabika, na vinywa, mayai na majira yao ya kutaga yanalingana. Vimelea wote wana ufunguo unaoingia katika kufuli fulani. Mdudu wa malaria, kwa mfano, hawezi kukamilisha maisha yake bila mwili wa mtu na mbu wa aina maalumu. Kiumbe cha sayari nyingine, ambacho hakijapata kumwona binadamu tangu uhai kuanza, kingetoa wapi ufunguo wa kufuli letu?

Hoja hii ina upande wa pili, nao tusiufiche. Watafiti walipompeleka yule kambare kwa samaki wa maziwa mengine wanaolea mayai kinywani, alifaulu zaidi kuliko nyumbani! Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2018. Sababu ni kwamba samaki wa Tanganyika wamejifunza kwa vizazi vingi kumshuku na kuyatema mayai ya kigeni, ilhali wale wa mbali hawana ulinzi huo. Kwa hiyo mgeni asiyejulikana aweza kuwa hatari zaidi, mradi awe wa ukoo ambao mwili wake unakubaliana na wa mwenyeji. Masharti yote mawili lazima yatimie: awe mgeni vya kutosha asitambuliwe, na awe ndugu vya kutosha aweze kuingia.

Ushahidi zaidi upo kaskazini mwa mji wa Kigoma, katika misitu ya Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mtu mwezi Julai 1960. Mwaka 1966 sokwe wa Gombe walipatwa na ugonjwa wa kupooza unaofanana na polio ya binadamu; wengine walikufa na wengine wakabaki vilema. Mafua ya watu nayo yameleta msiba kwa sokwe. Ndiyo sababu wageni wa Gombe huamriwa kukaa mbali nao, na mwenye kikohozi hatakiwi kuingia. Ugonjwa uliruka kutoka kwetu kwenda kwao kwa sababu sokwe ni jamaa zetu wa karibu kabisa. Polio haimpati perege.

Ukishika mfano huo utaweza kuihukumu hata hadithi mashuhuri ya H. G. Wells ya mwaka 1898, "The War of the Worlds", iliyofanywa filamu mwaka 1953. Humo wavamizi kutoka Mirihi wanashinda majeshi yote, kisha wanauawa na bakteria wadogo wa Dunia. Ni mwisho mzuri wa hadithi, lakini si rahisi kuuamini. Bakteria wa kuozesha, wasiochagua sana, huenda wangemwozesha. Lakini magonjwa yetu mengi yasingemtambua mgeni huyo, wala ya kwake yasingetutambua sisi.

KILINDINI HAKUNA ZIMWI

Tulisema dubwana mkubwa atafutwe majini. Je, hawezi kuwa amejificha katika kilindi cha Tanganyika, chini kabisa, ambako nanga haifiki? Fikra hii imewajia wengi, nayo si ya kipumbavu. Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Ujiji, na Speke akachukua makombe ya konokono wa ziwani ambayo wataalamu wa Uingereza waliyaona kuwa yafanana na ya baharini. Baadaye ikagunduliwa kuwa ziwani mna konyeza, yule mnyama laini kama uji ulioganda ambaye watu wa pwani humfahamu kwa kuwasha ngozi. Wa Tanganyika ni mdogo, upana wake wapata sentimita 2. Mtaalamu mmoja Mwingereza, J. E. S. Moore, alifunga safari za uchunguzi miaka ya 1890, akadai kuwa Tanganyika ni baki la bahari ya kale, na viumbe vyake ni masalio ya enzi za mijusi mikubwa. Kama ingekuwa hivyo, nani angeshangaa kukuta joka la kale humo?

Lakini haikuwa hivyo. Ziwa liliumbwa na ufa wa ardhi, mbali na bahari, na makombe yale yalifanana na ya baharini kwa kuwa konokono walikabili maisha yanayofanana: mawimbi, miamba na kaa wenye makucha. Ufanano haukuwa udugu.

Tena kilindi chenyewe hakikaliki. Maji ya juu ya ziwa na ya chini hayachanganyiki vizuri. Kuanzia kina cha mita 100 hivi upande wa kaskazini, na zaidi ya 200 upande wa kusini, oksijeni huisha kabisa, na badala yake huko chini ipo hewa ya salfa yenye harufu ya yai viza. Samaki wote, kaa wote na konokono wote uliopata kuwasikia huishi katika tabaka hilo jembamba la juu. Sehemu kubwa ya maji ya Tanganyika, ziwa lenye karibu sehemu moja ya sita ya maji matamu yasiyoganda yaliyo juu ya ardhi ulimwenguni, ni ufalme wa bakteria peke yao. Zimwi kubwa lenye misuli na hasira lingehitaji oksijeni nyingi, nalo lingekosa hewa humo kama mtu aliyefungiwa sandukuni.

Msomaji mjuzi atasema: mbona mwaka 1977 iligunduliwa karibu na visiwa vya Galápagos kwamba viumbe wengi, wakiwamo minyoo mikubwa, huishi kwenye kilindi cha bahari penye chemchemi za moto na salfa, bila jua? Ni kweli. Lakini minyoo ile hulishwa na bakteria wanaounguza salfa kwa oksijeni, na oksijeni hiyo imeshuka kutoka juu, ilikotengenezwa na mimea kwa mwanga wa jua. Katika Tanganyika nako chemchemi za moto zipo chini ya maji, upande wa Kongo, kwenye rasi ya Banza. Zina bakteria wake, wala hazina dubwana.

Mambo haya yana faida hata nje ya Dunia. Europa, mmoja wa miezi ya sayari ya Mshtarii, inaaminika kuwa na bahari kubwa chini ya barafu, na Oktoba 2024 Marekani ilirusha chombo kiitwacho Europa Clipper, kinachotarajiwa kufika huko mwaka 2030. Ikiwa uhai upo katika giza lile, mfano wake wa karibu huenda si papa wala joka, bali ni wale bakteria wa chini ya Kigoma, wasiopendeza kwa filamu.

SURA YATOKA KWA NANI?

Mwisho, mtazame dubwana usoni. Kwa nini mengi ya madubwana ya angani yana kichwa, mikono miwili na miguu miwili? Sababu ya kwanza ni ya fundi cherehani: ndani ya vazi yumo mtu. Dubwana la "Alien" lilichorwa na msanii wa Uswisi, H. R. Giger, na aliyelivaa alikuwa Mwafrika mwenzetu, Bolaji Badejo, kijana Mnigeria mwembamba ambaye urefu wake ulizidi mita 2. Mwambie mtoto habari hiyo, nawe utaona hofu yake ikigeuka kuwa udadisi.

Hata hivyo, kufanana si lazima kuwe uwongo. Samaki wa Ziwa Tanganyika na wa Ziwa Nyasa, waliokua mbalimbali, wamepata sura zinazofanana mno pale kazi yao ilipofanana: mwenye kukwangua mwani juu ya mawe ana midomo ya namna moja kote kuwili. Kwa hiyo kiumbe cha kuogelea katika sayari ya mbali huenda angekuwa mrefu, mlaini ubavuni na mwenye mkia. Sura ya samaki yaweza kuzaliwa mara mbili. Sura ya mtu, yenye vidole na pua, ingetaka bahati nasibu ile ile irudiwe hatua kwa hatua.

MGENI WA KUOGOPWA

Basi, dubwana la sinema tumelipima. Miguu yake ni dhaifu, chakula chake hakitoshi, ufunguo wake hauingii katika kufuli letu, na sura yake ni ya mtu aliyevaa vazi. Lakini upimaji huu umetufunulia mgeni mwingine, ambaye yu hatari kweli: yule wa karibu.

Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 sangara aliingizwa katika Ziwa Viktoria kutoka maji mengine ya Afrika. Hakutoka sayari ya mbali, alitoka Afrika hii hii. Alikuwa mgeni kiasi ambacho furu wa Viktoria hawakumjua, na ndugu kiasi ambacho nyama yao ilimlisha vizuri. Alipofurika katika miaka ya 1980, pamoja na kuchafuka kwa maji, yakadiriwa kuwa aina zipatazo 200 za furu zilitoweka. Viwanda vilipata minofu, ni kweli, na wavuvi wengi walipata fedha; lakini furu waliopotea hawatarudi. Hiyo ndiyo filamu ya uvamizi iliyochezwa kweli katika nchi yetu, wala haikuhitaji chombo cha angani. Ndoo ilitosha.

Tanganyika limeepuka uvamizi wa namna hiyo, lakini lina taabu zake. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kuwa joto lililoongezeka limezidi kuzuia maji ya juu na ya chini kuchanganyika, hata rutuba ikapungua. Walikadiria upungufu wa yapata asilimia 20 katika mimea ile midogo inayoanza ngazi yote ya chakula. Lile tabaka jembamba la uhai tulilolitaja ndilo linalobanwa. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Nyumba nyingi za Ujiji na Kibirizi zilionja maana yake mezani.

Kwa hiyo, ndugu mzazi, mtoto akikuuliza habari za dubwana, usimfukuze. Mpigie hesabu ya siafu, mweleze habari ya kambare na mama mwenye watoto kinywani, mwambie kwa nini kilindini hakuna zimwi. Kisha umpe onyo moja la kweli: asihamishe samaki wala mmea kutoka ziwa moja kumwaga katika jingine, hata kama ni mdogo, hata kama ni mzuri wa kutazama. Na umwonye pia asimpige jiwe swila wa majini akimwona mwambani. Nyoka huyo ana sumu na asichezewe, lakini chakula chake ni samaki. Akiachiwa njia huenda zake majini.